Udhuru Nilioukalia

Mkiajiriwa uhudumu wa mahakama, vijana, jambo la kwanza mtakalofundishwa ni maji, siyo sheria. Jagi lisijae pomoni, maana anayemimina mikono yake inatetemeka. Bilauri ya shahidi iwe ya plastiki. Karatasi za kufutia machozi ziwekwe pembeni, mkono uweze kuzifikia, lakini zisiwe mbele ya mtu. Ukimwekea mtu karatasi hizo mbele yake ni kama umemwagiza alie, na wapo wanaotii.

Kazi hiyo nimeifanya hapa Stockholm miaka mingi, katika mahakama nisiyotaka kuitaja, hadi nilipostaafu. Nilikuja nchi hii kwa mafunzo ya ufundi, na cheti changu cha kidato cha nne kutoka Dodoma, nikabaki. Mkinikuta kwenye mikutano yetu ya Waswahili mnaniita Mzee wa Mahakama, mnaniuliza habari za kesi kama vile nilikuwa jaji. Sikuwa jaji. Nilifungua milango, niliita majina, nilipeleka maji, na nilihakikisha familia mbili zilizochukiana hazikai kwenye korido moja. Hilo la mwisho ni ufundi mkubwa kuliko mnavyodhani. Upande mmoja unawapa viti karibu na dirisha, upande wa pili unawaambia mashine ya kahawa ya ghorofa ya chini ndiyo nzuri. Siyo nzuri. Lakini iko chini.

Nimekosea mara nyingi. Zamani, kabla ya skrini za ukutani, ratiba ilikuwa karatasi iliyobandikwa mlangoni, na siku moja nilibandika milango miwili kinyume. Bwana mmoja mnene, aliyekuja kumshitaki jirani yake kwa ajili ya uzio, nikamwingiza kwenye shauri la malezi ya watoto. Jaji akamuuliza kwa upole angependa waishi wapi. Yule bwana akafikiri, akasema, “Wakaishi popote, mradi wauondoe ule uzio.” Watu walicheka mwaka mzima. Mimi pia nilicheka, maana kosa lile lilirekebishwa kwa kubadilisha karatasi mbili.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Roland, Mswidi wa kaskazini, mtu wa maneno machache aliyekula mkate wake akiwa amesimama. Wiki yangu ya kwanza wakili alinipa cheti cha daktari nimpelekee jaji. Nikakitia mfukoni, nikapita kwanza kunywa kahawa. Roland alinifuata, akanipokonya kikombe mkononi, akakimwaga kwenye sinki mbele ya watu.

“Kinachoingia mkononi mwako,” alisema, “kitoke kabla hujaketi. Wewe siyo kabati.”

Nilimchukia siku ile. Baadaye nilikuwa nikiwaambia wahudumu wapya maneno yaleyale, nikijifanya ni yangu.

Jambo jingine alilonifundisha ni kuhusu mashahidi. Shahidi akishaambiwa anaweza kwenda, hutoka, mlango hufungwa, na hapo koridoni ndipo hukumbuka la maana. Atakushika mkono: “Samahani, nilisahau kusema jambo moja.” Usilipokee. Siyo kazi yako, na mara nyingi muda umeshapita. Nimewaona wengi wamesimama pale na neno lao mdomoni.

Sasa niwaeleze habari ya Aline, kwa sababu baadhi yenu mmeisikia kwa watu, na mliyoisikia imenipendelea.

Hapa jaji haamui peke yake kesi za jinai. Huketi na raia watatu wasiosomea sheria, waliochaguliwa kupitia manispaa zao, nao wana kura kama yeye. Waswidi huwaita nämndeman. Mimi niliyekulia Tanzania niliwaita wazee wa baraza, kama kwetu, na wengi walikuwa wazee kweli: wastaafu wenye sweta nzuri, wanaosinzia baada ya chakula cha mchana. Miaka na miaka niliwawekea maji, na miaka na miaka watu wa rangi yangu niliwaona upande wa chini tu, kwenye kiti cha mshitakiwa au cha shahidi, na mkalimani ubavuni. Alipatikana mmoja wa kwetu, Mganda, akaketi juu mara chache, kisha akaanza kukosa bila taarifa. Gunilla, mama aliyepanga ratiba ya wazee wa baraza, alinitania siku moja nikipita na toroli la maji: “Mwenzako amepotea tena.” Hakuwa na ubaya. Angeweza kusema hivyohivyo juu ya Mswidi yeyote. Lakini mimi nililibeba neno lile hadi nyumbani, nikala nalo.

Ndiyo maana nilimtafuta Aline. Alikuwa Mrundi, amefika hapa akiwa mtoto wa shule, sasa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee kule Husby. Baba yake alikuwa rafiki yangu na alikuwa ameshafariki. Kiswidi chake kilikuwa kama cha redioni, na alikuwa na tabia ya kusikiliza hadi mtu amalize. Mimi ndiye niliyemshawishi, mimi ndiye niliyemwonyesha pa kuanzia. Alipochaguliwa na kula kiapo nilimtania, “Sijapata kuona mzee wa baraza mwenye hereni.”

“Na mimi,” akasema, “sijapata kuona mzee wa kweli anayenibebea maji.”

Siku ya kwanza alipoketi juu, nilitoa jagi jipya kwenye boksi.

Kisha akajifungua. Mtoto wa kike, wakamwita Keza. Jumamosi moja nikaenda kwao Alby kumwona mtoto, nimebeba blanketi na sabuni kama desturi. Aline alikuwa kwenye kochi, mtoto kifuani chini ya khanga, na mumewe Jerome, dereva wa basi, alikuwa akikaanga ndizi. Tulipomaliza kula, Aline akasema:

“Mzee, niko na neno. Wameniweka kwa kesi ya wiki inayokuja, ile ya siku nyingi. Huyu mtoto biberoni hataki. Tumejaribu kila chupa.”

“Ya plastiki, ya kioo, ile ya gharama,” Jerome akadakia kutoka jikoni. “Anazitema zote. Ananitazama kama mwizi.”

“Basi naomba uniombee ruhusa,” Aline akasema. “Si kuacha. Hapana. Mpaka aanze kula tu.”

Kijana wa leo atauliza: si apige simu mwenyewe, kwa Kiswidi chake kile? Ni swali la haki. Lakini mimi ndiye niliyempeleka pale, na kwetu aliyekupeleka mahali ndiye anayekuombea mahali hapo. Ndivyo alivyolelewa na baba yake. Alisema wazi: “Nikiwapigia bila kupita kwako, nitakuwa nimekuruka.”

Nilifurahi. Nani hafurahi kusikia hivyo? Nikamwambia, “Niachie mimi.”

Jumatatu asubuhi nilisimama mlangoni kwa Gunilla nikiwa na maneno tayari. Kabla sijayatoa, akainua macho kutoka kwenye kompyuta, akasema kwa furaha, “Aline wako yumo kwenye ile kesi kubwa. Atakuja, siyo?”

Aline wako. Nikamkumbuka yule Mganda. Nikawaza: akitoa udhuru huyu naye, watasema ndivyo walivyo. Nikawaza kwamba wanawake wa kwetu wamelima na watoto mgongoni, na kwamba siku chache hazijapata kumuua mtu. Nilikuwa na hoja nyingi, kama mwanamume yeyote ambaye titi si lake.

“Atakuja,” nikasema.

Jioni nikampigia Aline. Nilimwambia, “Nimeongea nao. Imeshindikana. Kesi ni kubwa.”

Nilisikia mtoto ananyonya, ule mlio mdogo wa kumeza.

“Haya, mzee,” akasema. “Asante kwa kunisemea.”

Msinisaidie hapo kwa kusema nilikuwa na nia njema. Uongo nilioutamka ulikuwa uongo. Na ulimfunga pande zote mbili, kwa sababu mzee akishakwenda akarudi na jibu, huwezi kupiga simu kuulizia tena. Itakuwa umemwita mwongo. Desturi aliyoiheshimu ndiyo niliyomfungia nayo mlango.

Kesi ilianza. Jerome alikuja na mtoto, nikawafungulia kile chumba kidogo cha mashahidi chenye kochi na taa ya kahawia. Nilijiona mwema. Nilimletea Jerome kahawa ya ghorofa ya juu, ile nzuri, na nikampakata mtoto ili yeye aende msalani. Kila mapumziko Aline alikuja mbio, ananyonyesha akiwa amesimama, macho kwenye saa ya ukutani, kisha anarudi kabla mtoto hajatosheka.

Siku ya pili alitoa ushahidi mwanamke aliyepigwa na mumewe. Alizungumza polepole, na hakuna mtu mwenye moyo ambaye angemkatisha. Muda wa mapumziko ukapita. Jaji, mama mmoja mstaarabu, akamuuliza kama anataka kupumzika. Yule mwanamke akasema akisimama hataweza kuanza tena. Jaji akageukia upande wa wazee wake: “Tuendelee?” Wawili wakaitikia. Aline naye akaitikia kwa kichwa.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Milango ya kumbi zile ni miwili miwili, imejazwa sufi ndani, sauti haipiti. Sauti ya Keza ilipita. Siyo kwa nguvu. Ilikuwa kama kitu kinachokwaruza mbali, na ukumbini ni watu wawili tu tulioitambua. Nikamtazama Aline. Alikuwa amevaa blauzi ya buluu mpauko, na juu yake palitokea doa, kisha la pili, yakaanza kukua. Hakuweza kufunika, maana mikono ingeonyesha. Aliketi wima kama picha. Mshitakiwa aliona. Wakili wake akaona, akainamisha macho kwenye karatasi zake. Mmoja wa wale wazee wenye sweta akatazama dari.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ni kazi. Mhudumu ana haki ya kuingia na maji wakati wowote, na akiingia na maji anaweza kuweka kikaratasi mbele ya jaji. Nimefanya hivyo kwa shahidi aliyetaka kutapika. Nimefanya hivyo kwa wakili ambaye gari lake lilikuwa likivutwa. Na nilijua jambo ambalo Aline, mgeni wa kiti kile, hakulijua: kesi ikishaanza, mzee mmoja wa baraza akipata dharura, jaji anaweza kumaliza na wawili waliobaki. Mstari mmoja tu ulitosha. Angerudi kwa mtoto wake mchana ule ule, na kesi isingeharibika hata kidogo.

Nikatoka. Nikachukua sweta lake kwenye chumba cha wazee, nikaingia na jagi mkono mmoja na sweta mkono wa pili. Nikamwekea sweta mabegani. Nilimfunika. Hiyo ndiyo huduma niliyompa, kisha nikarudi mlangoni, nikasimama vizuri.

Usiku ule titi lilivimba, likawa jekundu, homa ikapanda. Jerome alinieleza asubuhi, kwa adabu, kana kwamba ananiomba radhi. Aline alikuja hivyohivyo na vidonge mkobani. Aliketi kwenye kiti chake na homa ile ile, na siku hiyo hakunitania wala hakuomba kitu. Katikati ya kesi Keza, kwa njaa, akaikubali chupa. Jerome alitoka chumbani akiwa anacheka peke yake: “Mzee, amekunywa! Amekunywa yote!” Tukapongezana. Siku ya mwisho, majadiliano ya hukumu yalipokwisha, Aline alikuja na muda wa kutosha, akaketi kwenye lile kochi, akafungua blauzi. Mtoto akageuza uso. Akamjaribu upande wa pili. Akageuza tena, akatafuta chupa kwa macho. Nilikuwa mlangoni na funguo zangu. Aline hakulia. Alifunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni.

Nasikia wapo wanaoweza kumrudisha mtoto kwenye titi, kwa uvumilivu na msaada. Yeye alijaribu majuma kadhaa. Hakurudi.

Lakini hapo koridoni alikuwa hajajua hilo. Gunilla alipita, akamwona Keza, akapiga magoti kumchezea. “Jamani, mdogo namna hii! Unamnyonyesha?”

“Nilikuwa,” Aline akasema.

“Na umekaa kesi nzima? Kwa nini hukuniambia? Ningekutoa kwenye ratiba mpaka utakapotaka mwenyewe. Mwenzako mmoja nilimtoa majira ya baridi, alipiga simu tu. Ni jambo la kawaida.”

Mimi nilikuwa nao hapo, nimeshika toroli la maji. Ningeweza kuondoka, lakini magurudumu yale yana kelele.

“Nilimtuma mtu,” Aline akasema kwa Kiswidi.

“Nani?”

Hakunitaja. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri, vijana, kuliko yote. Alinitazama, akamgeukia Gunilla, akasema, “Haikufika. Si kitu.” Akanisitiri. Gunilla alipokwenda zake, Aline akasogea, akasema kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini, vile mtu anavyozungumza na baba:

“Mzee, uliniambia wamekataa.”

Sikuwa na uongo mwingine karibu. Nikasema, “Nilitaka wakuone. Nilitaka wamwone mtu wetu amekaa pale juu.”

“Wameniona,” akasema. Akavuta sweta likaziba kifua. “Wameniona, mzee.”

Alijiuzulu kabla ya muda wake kwisha. Gunilla aliniuliza kama najua sababu. Nikasema mambo ya kifamilia. Basi hata hapo niliukalia ukweli, na sifa niliyokuwa nikiililia ikaharibika kwa mkono wangu mwenyewe: wa pili wetu naye amepotea.

Nilitaka kuomba radhi. Mnajua nilifanya nini? Nilituma mtu. Nilimtuma mchungaji wao, mtu mzima mwenye busara, aende Alby aninenee, kama desturi ilivyo kwa mkosaji anayejua adabu. Alikaa nao jioni nzima. Alirudi, akavua kofia, akasema, “Wamenipokea vizuri sana. Jibu la Aline ni fupi: aje mwenyewe.”

Sikwenda. Juma lile nilikuwa na mafua. Juma lililofuata palikuwa na theluji. Kisha ikawa muda umepita mno, kisha ikawa aibu kwenda baada ya muda wote ule, na hivyo ndivyo mwaka unavyokaliwa, vijana, kama faili chini ya makalio. Mimi niliyewafundisha wengine kwamba mhudumu siyo kabati.

Mnaotaka kazi hii, nendeni kaombeni, ni kazi nzuri. Jifunzeni majina ya watu mapema asubuhi, myatamke peke yenu msalani, maana mtu ukilivunja jina lake mlangoni atachechemea siku nzima. Mkitumwa neno, lifikisheni kama lilivyo, hata kama linaichafua picha mliyoitundika ukutani. Wala msifikiri kwamba mmebeba heshima ya weusi wote wa mji huu. Mimi nilidhani nimeibeba begani. Kumbe nilimtwika mwanamke anayenyonyesha.

Majira ya kuchipua yaliyopita nilikwenda Alby kununua mihogo. Nikatoka dukani, na Aline alikuwa anakuja, mifuko mikono yote miwili, na ubavuni mwake msichana mrefu mwenye begi la shule.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

Hakupita. Aliweka mifuko chini, akasimama. Hakuwa na haraka wala hasira. Alinitazama tu na kusubiri, vile alivyokuwa akiwasikiliza watu mahakamani, hadi mtu amalize. Nilijua anasubiri nini. Alinipa nafasi ndefu kuliko majaji wengi wanavyotoa.

“Mtoto amekua,” nikasema.

“Amekua,” akasema.

Akasubiri kidogo tena. Kisha akainama, akachukua mifuko yake. Walipokuwa wanaondoka, msichana akamuuliza mama yake kwa Kiswidi yule ni nani, na mama akamjibu kwa Kiswidi, bila kushusha sauti:

“Alikuwa anafungua milango mahakamani.”

Walipopotea kwenye kona ya stesheni ndipo maneno yote yaliponijia, yamepangika, hata moja halikukosekana. Nikasimama pale na mihogo yangu, kama shahidi aliyekwisha kuambiwa anaweza kwenda.